Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Katika nyumba ya Rémy Mulumba, kule Manika, mtaa wa mji wa Kolwezi huko Katanga, hakuna aliyefanya kazi peke yake. Rémy alikuwa fundi umeme kwenye kampuni ya mgodi, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyewazoesha hivyo. Akipaka ukuta rangi, mkewe Henriette alishika ngazi, binti yao mkubwa Ntumba alikoroga rangi, na Tshibola, kitinda mimba, alipewa brashi iliyokwisha manyoya ili naye asikose la kufanya. Mshahara ulipoanza kuchelewa, kisha ukawa hauji kabisa, Rémy hakukaa kibarazani kulaumu kama wenzake. Alitafuta kipande cha ardhi kando ya barabara ya Lubudi, akamgawia kila mmoja mstari wake wa mahindi, hata Tshibola wa miaka mitano. Kila Jumamosi asubuhi walitoka wote wanne na majembe yao. Walirudi jioni wamechoka hoi, wamejaa vumbi jekundu hadi kope, na bado walikuwa wanacheka.

Henriette alizipenda Jumamosi hizo kuliko alivyowahi kuupenda mshahara. Yeye alikuwa wa ukoo wa Kisimba, mzaliwa wa Lubudi. Alipotaka kuolewa, shangazi zake walimwonya kwamba Mkasai ni Mkasai hata akizaliwa mlangoni pako. Naye Rémy alikuwa amezaliwa hapo hapo Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa na wazungu kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Kasai kwenyewe Rémy alikuwa hajakuona hata kwa dirisha la treni. Kwa muda wa miaka kumi na saba Henriette aliwaona shangazi zake kuwa wajinga.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na mbili, na maneno ya shangazi yakaanza kutoka redioni.

Redio ilisema nchi ya Katanga ina wenyewe. Sokoni watu wa Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, wala hawakuitwa hivyo kwa kunong'onezwa. Siku moja kwenye lango la kampuni ilibandikwa orodha ya majina ya watu wasiotakiwa tena kazini. Rémy alikuta jina lake katikati ya ukurasa wa pili. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akaweka bakuli lake la chakula mezani likiwa bado limejaa, akasema, "Leo tutakula mapema." Jumamosi iliyofuata walikwenda shambani wakakuta mahindi yote yamekatwa yakiwa bado machanga. Mtu wa shamba la jirani, waliyemkopesha jembe mwaka uliotangulia, aliwatazama bila kuwasalimia.

Mwezi wa pili wa mwaka wa tisini na tatu, Kabamba alikuja. Kabamba alikuwa mdogo wake Henriette, kijana wa miaka thelathini aliyefanya kazi za hapa na pale, na sasa alikuwa amejiunga na vijana wa chama cha siasa cha Wakatanga waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Alikaa kwenye kiti cha Rémy, akakataa chai.

"Yaya," alimwambia dada yake, "mi sikuye kugombana. Nakuya juu uko damu yangu. Banaandika nyumba zote za bantu ba Kasai. Hii nayo iko mu liste."

"Hii ni nyumba yangu," Henriette alisema. "Nani anaweza kunifukuza Katanga, miye mutoto wa Kisimba?"

"Weye hapana. Yee." Alimwelekezea Rémy kidevu, kisha akawatazama watoto waliokuwa wamesimama mlangoni. "Na batoto banafwata tata yabo. Njo vile banasema."

Rémy aliuliza taratibu, "Na kama bangekuwa batoto ba Kisimba, shemeki?"

Kabamba alikuwa amelifikiria hilo kabla hajaja. Alisema paroko wa zamani ameondoka, vitabu vya ubatizo havisomwi tena na mtu, na vijana wanaokuja si wa mtaa huu, huwauliza watoto tu. Wakijibu vizuri, wanaachwa. Rémy angekuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu wa kupita tu. Siku ikifika angepanda peke yake treni ya kwenda Kasai, na nyumba ingebaki na wenyewe.

Henriette alisimama. "Tutakwenda wote. Kama ni treni, tutapanda wote wanne."

"Unajua ku gare ya treni kuko namna gani?" Kabamba aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na majivuno. "Bantu banalala chini, mvua juu yabo. Surua inaingia. Batoto banazikwa kila siku, yaya. Kila siku."

Henriette alimgeukia mumewe amkatalie. Rémy alikuwa anamtazama Tshibola.

Hivyo ndivyo walivyoanza kazi yao ya mwisho ya pamoja.

Walifanya mazoezi kila siku saa nane, baada ya bukari, ugali wao wa mchana, wakati mtaa umetulia na majirani wamejilaza kukwepa jua. Rémy alitoka nje akiwa na mpini wa jembe, akagonga mlango kwa nguvu, akaingia amekunja uso kama kijana wa chama. Henriette alikaa kwenye kiti, watoto mbele yake.

"Jina yako nani?"

"Tshi..." alianza mdogo.

"Tayari unatufukuzisha. Anza tena. Jina yako nani?"

"Joyeuse Kisimba."

"Tata yako iko wapi?"

"Alikufa."

"Ule mwanaume wa kule nyuma ni nani?"

"Mupangaji."

Lililowapa taabu ni neno moja. Nyumbani watoto walikuwa wamezoea kumwita baba yao tatu, kama wasemavyo kwa Kiluba cha Kasai, ilhali Mkatanga angesema tata. Kilichotofautiana ni herufi moja tu, na kwa herufi hiyo watu walikuwa wakitolewa majumbani. Tshibola alikosea mara kumi, mara ishirini. Rémy hakumkemea. Alitoka, akagonga tena, akaingia tena. Alimfundisha pia kwamba vijana wana mtego mwingine: humwamkia mtoto ghafla kwa neno "Moyo!", salamu ya Kasai, na mtoto akiitikia wamemjua. Siku ya tatu Rémy alipomtupia salamu hiyo, Tshibola aliweka kiganja kifuani akasema, "Moyo iko humu," akakunja uso kama aliyeulizwa swali la kipumbavu.

Wote walicheka. Rémy alicheka hadi akaegemea ukuta, mpini ukamponyoka. Henriette naye alicheka, na alipokuwa anafuta machozi aliona aibu kugundua kuwa tangu mahindi yao yalipokatwa hawakuwahi kuwa na furaha kama hiyo. Walikuwa tena na jambo moja la kufanya, wote kwa pamoja, na walikuwa wakilifanya vizuri. Baada ya mlo wa mchana Tshibola mwenyewe alikuwa akiuliza, "Leo tutacheza saa ngapi?"

Ntumba peke yake hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama baba yake, na mkaidi kama mama yake.

"Tatu, unaniomba nikukane?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ni muchezo tu, mama." Rémy alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa msichana alibeba jina la mama mzazi wa Rémy.

"Kama ni muchezo, juu ya nini mama analia kule jikoni?"

Walimlazimisha. Henriette alimwambia kwamba maisha ya mdogo wake yapo mdomoni mwake. Hatimaye Ntumba alijibu maswali yote, macho chini, bila kukosea hata neno. Naitwa Laurentine Kisimba. Tata yangu alikufa. Ule ni mupangaji. Walidhani wamemaliza.

Ili uongo usiwe na ufa, Rémy alihamia kweli chumba cha nyuma. Nguo zake zilitolewa kabatini, picha ya ndoa ikafichwa. Henriette alijizoeza kumwita Monsieur Rémy, na kumpelekea chakula uani kwenye sahani ya peke yake. Mwanzoni alikuwa akiiacha sahani na kukaa naye kidogo. Kisha wakaona kwamba wapita njia hutazama, akawa anaiweka na kuondoka.

Vijana walikuja Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa tisa mchana. Walikuwa saba, na Kabamba akiwa miongoni mwao, amekaa nyuma kama asiyeijua nyumba. Hawakugonga. Kiongozi wao, mtu mwenye macho mekundu aliyeitwa Mbuyu, alimchuchumalia Tshibola.

"Moyo!" alisema kwa tabasamu.

Tshibola aliweka kiganja kifuani. "Moyo iko humu."

Vijana wakaangua kicheko. Mbuyu akamuuliza jina, akamuuliza baba, akamuuliza kuhusu mtu aliyekuwa anatoka uani na sanduku lake mkononi. Mtoto alijibu yote. Rémy alisimama kizingitini mwa mlango wa nyuma, akasema kwa utulivu, "Miye njo Mulumba. Napanga kule nyuma. Niko tayari, twendeni." Henriette alitazama uso wa mumewe na, katikati ya hofu ile, aliona kitu kilichofanana na fahari. Alikuwa akijivunia mwanawe.

Mbuyu alisimama aondoke. Akamwona Ntumba karibu na dirisha, akauliza hivi hivi tu, "Na weye, jina nani?"

Rémy alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayemsihi. Henriette alihesabu pumzi zake mwenyewe.

"Naitwa Ntumba Mulumba," msichana alisema. "Ule haiko mupangaji. Ule ni tatu."

Mbuyu aligeuka polepole, akamtazama Tshibola upya, kisha Henriette. Kabamba ndiye aliyewahi kusema, na sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya mtoto. "Njo vile, chef! Huyu mukubwa ni mutoto wa mupangaji. Alikuya na tata yake. Mudogo njo wa kwetu, wa yaya yangu."

Mbuyu alimkaribia Henriette hadi akasikia harufu ya pombe ya mahindi mdomoni mwake. "Mama, sema weye. Huyu musichana ni mutoto wako?"

Katika mazoezi yote hawakuwahi kuulizana swali hilo. Henriette alihisi mkono wa Tshibola umeshika sketi yake kwa nyuma. Aliifikiria surua kabla ya kumfikiria Mungu. Aliwaza: mmoja ameshapotea, nikisema ndiyo watapotea wawili.

"Hapana," alisema.

Ntumba alimtazama mama yake. Hakulia, wala hakushangaa. Aliingia chumbani, akatoka na viatu vyake vya shule mkononi, akapita mbele ya kila mtu na kwenda kusimama kando ya baba yake. Walitolewa wote wawili. Mtaani watu waliwazomea hadi kona ya kanisa, na sauti za kuzomea Henriette aliendelea kuzisikia muda mrefu baada ya mtaa kunyamaza.

Wiki tatu walikaa kituoni wakisubiri treni. Maelfu walikuwa wamelala kati ya reli na maghala, chini ya mashuka na mabati, na harufu ya pale ilimpiga mtu kabla hajafika. Kila siku Henriette alikwenda na beseni la bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani, akijifanya muuzaji. Alikwenda na Tshibola, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mtoto alipita mbele ya baba yake kama anavyopita mbele ya mti.

Rémy alikula. Ntumba hakuchukua kitu kutoka mkononi mwa mama yake hata siku moja. Henriette akiweka sahani chini, Ntumba alimsukumia mwanamke wa jirani, mjane mmoja aitwaye Ngeleka, aliyekuwa na watoto wawili wenye homa.

"Umwambie ale," Henriette alimnong'oneza mumewe.

"Atakula. Mupe siku." Rémy alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka nyeupe. "Usijisumbue, Mama Ntumba. Ulifanya vizuri. Njo vile tulijizoesha."

"Ile hatukujizoesha," Henriette alisema.

Siku hiyo Henriette alipoondoka, Ntumba alisema nyuma yake kwa sauti ya kawaida, bila hasira, "Mama muuzaji, umesahau sahani yako."

Treni iliondoka Jumanne. Henriette alifika na beseni lake, akakuta mahali pao patupu, pana majivu na kiatu cha mtoto. Mtu mmoja alimwambia watu walipandishwa mabehewa ya wazi, yale ya kubebea madini, na mvua ilikuwa inanyesha.

Baada ya hapo Kabamba alihamia chumba cha nyuma, eti kuwalinda. Mwezi wa nne alihamia chumba cha mbele. Alipooa, Henriette na Tshibola ndio waliokwenda kulala nyuma. Kabamba hakuwa mtu katili. Aliwapa chakula, na alimlipia mtoto ada ya shule. Ila alipokuwa na wageni alisema, "Hii ni nyumba yangu, na ule ni yaya yangu, hakubahatika mu ndoa." Henriette alipokumbuka kwamba ukuta ule waliupaka rangi wanne, alikuwa hana wa kumwambia. Tshibola alikuwa sasa Joyeuse shuleni, Joyeuse kanisani, Joyeuse hata ndotoni. Akiitwa jina lake la zamani hakugeuka. Alikuwa mtoto mtiifu, wa kwanza darasani, asiyesahau alichofundishwa.

Mwaka wa tisini na tano Henriette alipata habari kupitia kwa fundi wa reli: Rémy yuko Mwene-Ditu, kule Kasai, anatengeneza redio. Aliuza vitenge vyake vyote viwili vya harusi, akamchukua mtoto, akapanda treni. Safari ilichukua siku sita. Walipita Lubudi kwao, akaona paa la nyumba ya baba yake, hakushuka.

Mwene-Ditu walimwonyesha kiwanja chenye nyumba ndogo ya matope. Uani palikuwa na pipa juu ya moto, na watu wanne walikuwa wakitengeneza sabuni. Ngeleka, yule mjane wa kituoni, alikuwa akimimina mafuta ya mawese. Watoto wake wawili, wazima sasa, walibeba kuni. Ntumba, mwanamke kamili, alikuwa akikoroga kwa mwiko mrefu na kumtania mmoja wa watoto, na mtoto akicheka. Rémy alikuwa ameketi akikata vipande kwa waya, anapima kila kipande kwa jicho. Henriette alisimama langoni. Hakuhitaji kuelezwa chochote. Aliijua kazi ya mkono wa mumewe. Alikuwa amejenga nyumba nyingine kwa njia ile ile.

Majirani walisikia Kiswahili chake alipobisha hodi, wakaacha kuongea. Huku yeye ndiye aliyekuwa mtu wa upande ule.

Ntumba alifuta mikono, akaleta kiti, akaleta maji. Alikuwa na adabu zote. "Karibu, Mama Joyeuse," alisema.

Miaka yote watu walimwita Mama Ntumba, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Henriette alishika kikombe na hakunywa.

Mtoto naye alikwenda mbele ya Rémy, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa shuleni. "Bonjour, Monsieur Rémy."

Waya wa kukatia sabuni ulibaki hewani. "Bonjour, Joyeuse," Rémy alisema. Alimwuliza yuko darasa la ngapi. Alimpa kipande cha sabuni kizuri kuliko vyote, na mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Walikaa siku tatu. Kila mtu alikuwa na kazi yake pale uani isipokuwa wao wawili. Henriette alipotaka kubeba ndoo, Ngeleka alimwambia kwa upole, "Pumzikeni, Mama, ninyi ni wageni." Siku ya tatu, Rémy akiwasindikiza kituoni, Henriette aliuliza lile alilolivumilia safari nzima.

"Sasa kule kwetu bantu banaanza kurudi kidogo kidogo. Utarudi lini?"

Rémy alihamisha sanduku kutoka mkono huu hadi mwingine. "Ku nyumba ya nani?"

"Yetu."

"Chumba gani?" aliuliza. Hakuwa anamkejeli. Alisubiri kweli kujibiwa, na alipoona jibu haliji, alimsaidia kupanda, akampandishia mtoto, akabaki chini mikono nyuma. Ntumba hakuwa amekuja.

Treni ilipoacha mji Henriette alikaa muda mrefu akitazama nje, kisha akamvuta mtoto karibu. Alikuwa ameamua. Imetosha, alijiambia, hakuna tena wa kumwogopa.

"Sikiliza," alisema. "Ule mwanaume tuliyemuacha, yee njo..."

"Najua, mama," Joyeuse alimkatiza. Alitazama abiria waliobanana kwenye mabenchi, mmoja mmoja, kwa makini ya mtu mzima. "Ni tata yangu. Nakumbuka. Lakini usiseme kwa nguvu, bantu banasikia."

Henriette naye aliwatazama. Wengi walikuwa wamesinzia. Mwanamke mmoja alikuwa akimnyonyesha mwanawe. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Hata hivyo alinyamaza, na walinyamaza wote wawili hadi kituo cha Kamina, upande wa Katanga.